Kiko cha Pumzi Mbili

Jioni ile Musembi alitumwa chumvi na mafuta ya taa, akarudi na kiko.

Hakwenda sokoni Kithimani na nia hiyo. Alikwenda na chupa ya mafuta mkononi na hasira kifuani, kama alivyokuwa akienda kila mahali tangu Machi, siku walipopangwa mstari kwenye lango la kiwanda cha nguo kule Athi River, kwenye eneo la viwanda la EPZ, wakasomewa majina. Miaka saba ya kupiga pasi mashati yaliyosafirishwa ng'ambo, halafu bahasha ya kuachishwa kazi. Alirudi Yatta kulima. Mvua ikakataa. Mahindi yakafika magotini, yakakaukia hapo hapo, na kila asubuhi alipotoka nje yalikuwa ya kwanza kumsalimu. Huo ulikuwa mwaka wa 2000, na hakuna mtu wa Yatta aliyeusahau.

Kilichobaki kumtuliza kilikuwa sigara, nazo zilikuwa zimemshinda kununua. Henry, rafiki yake aliyebakizwa kiwandani, ndiye aliyempa wazo. "Nunua kiko, bwana," alimwambia. "Kipande ya tumbaku kama kidole inakumalizia wiki."

Jua lilikuwa linazama alipopita mbele ya zizi la Abdiwahid. Abdiwahid alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, lakini ukame ule ulifanya watu wamletee kila kitu, si mbuzi tu. Kando ya zizi alikuwa ametandaza gunia, na juu yake akapanga vitu vya majumba ya watu: taa ya chemli, redio isiyo na vitufe, viatu vya mvua. Katikati ya vitu hivyo, kiko.

Kilikuwa cheusi, na kizito kuliko kilivyoonekana. Kwenye ncha ya mrija kulikuwa na alama za meno. Mawili juu, moja chini.

"Hii ilikuwa ya nani?" Musembi aliuliza.

"Ilikuja ndani ya gunia na vitu ingine. Kuna kijana wa Katangi anaitwa Reuben, aliuza vitu yote ya nyanya yake. Hata hakuongea bei, alitaka tu niondoe."

"Nyanya yake alikufa?"

"Sikuuliza. Mtu akiuza vitu ya nyumba na ile sura alikuwa nayo, huulizi." Abdiwahid alikitazama kiko, kisha akamtazama Musembi. "Wewe unajua kuvuta hii?"

"Nitajifunza."

"Basi osha kwanza, mzee. Osha sana."

Bei yake haikufika ya pakiti mbili za sigara. Musembi alikitia mfukoni, akanunua pia tumbaku ya kusokotwa kwa mama mmoja aliyekuwa akifunga kibanda, akafika nyumbani giza likiingia. Ni mkewe, Kamanthe, aliyemkumbusha chumvi.

"Chumvi iko wapi, Baba Musili?"

Alikuwa ameisahau.

*

Hakuna aliyemwambia kwamba kiko kina ukaidi.

Sigara ni kitu cha mtu mwenye haraka. Unawasha, unavuta, unatupa. Kiko kilimkataa tangu siku ya kwanza. Alikijaza hadi juu akashindilia kwa kidole gumba, akavuta mpaka mashavu yakagusana ndani ya kinywa, na hakuna kilichokuja. Akapunguza. Moto ukashika, ukaruka juu, ukamuunguza ulimi, ukazima. Akawasha tena. Ukazima. Njiti ya nne, ya tano, ya sita. Mwishoni kilianza kukoroma kama mtoto mwenye mafua, na maji machungu meusi yakamjia kinywani.

Siku ya pili alianika tumbaku juu ya bati mpaka ikakauka kama majani ya chai, akaikatakata kwa wembe. Iliwaka mara moja kama karatasi. Ikazima. Siku ya tatu alizibua mrija kwa spoku ya baiskeli, akaupitishia unyoya wa kuku, akatoa uchafu mweusi uliokuwa na harufu ya kitu kilichokaa kaburini. Akajaza upya. Kikazima.

"Umemaliza kibiriti," Kamanthe alisema. "Asubuhi nitawasha moto na nini?"

"Nitanunua ingine."

"Na nini?"

Kamanthe hakuwa mwanamke wa kugomba. Alikuwa mwanzilishi wa nyimbo kanisani, mtu ambaye sauti yake ilisikika kutoka mferejini kila alfajiri alipokwenda kuteka maji, na watu wa ng'ambo ya mfereji walisema wanaamshwa na yeye, si na jogoo. Lakini hakutaka moshi ndani ya nyumba. Kwa hiyo Musembi alichukua kiko chake na kibiriti kipya na hasira zake zote akaenda kukaa kwenye ukingo wa mfereji wa Yatta, mahali ambapo hakuna mtu wa kumtazama akishindwa.

Huko nako alishindwa. Siku ya nne. Siku ya tano. Kazi ilimkataa, mvua ilimkataa, shamba lilimkataa, na sasa kipande cha mti chenye tundu nacho kinamkataa. Siku ya sita, jua likiwa limeshaingia nyuma ya vilima na maji yamegeuka rangi ya risasi, aliwasha njiti yake ya mwisho. Moto ukashika. Akavuta polepole. Akavuta tena...

Kikazima.

Aliinua mkono akirushe majini.

"Umeibana sana chini," sauti ilisema.

*

Alikuwa upande wa pili wa mfereji. Mwanamke mzee, mzee sana, ameketi juu ya mzigo wa kuni, kanga imefungwa kichwani hadi kwenye nyusi. Musembi hakuwa amemwona akija. Akafikiri ni kwa sababu alikuwa akitazama njiti.

"Wacha, mwana wakwa," alimsalimu kwa Kikamba.

"Aa, mwaitu," Musembi aliitikia, kama inavyompasa mtu kumwitikia mama.

"Chini uiweke kama unafunika mbegu. Usikanyage. Katikati ikaze kidogo. Juu ndiyo ukaze. Halafu uwashe, uache ife. Hiyo ya kwanza ni ya kuiamsha tu. Shindilia, uwashe tena, ndiyo uvute. Na usivute kama mtu ananyonya mfupa. Vuta kama unapumua."

"Njiti zimeisha, mwaitu."

"Lete."

Alimpa. Mzee alimwaga tumbaku kwenye kiganja, akaijaza upya kwa vidole vilivyojua njia. Alitoa kaa la moto, Musembi hakuona kutoka wapi, akaliweka juu. Akavuta. Kichwa cha kiko kiliwaka chekundu, kikafifia, kikawaka. Harufu iliyokuja haikuwa ya ile tumbaku ya sokoni. Ilikuwa tamu, kama asali iliyodondokea makaa.

Akavuta tena. Na tena.

Musembi alingoja moshi utoke puani au mdomoni mwa mzee.

Haukutoka.

"Ina tabia nzuri, hii," mzee alisema. "Lakini inataka pumzi mbili. Yako peke yake haitoshi. Nyumbani uko na nani?"

"Kijana wetu Musili yuko kwa mjomba wake. Niko na mke wangu tu."

"Yule wa kuimba asubuhi."

"Ndiyo huyo."

"Namsikia." Alitabasamu, na Musembi akaona meno yake. Mawili juu, moja chini. "Ana pumzi nzuri."

Musembi alijisikia fahari. Ndiyo aibu yake kubwa baadaye, kwamba wakati ule alijisikia fahari. Mwaka mzima hakuna mtu aliyekuwa amesifu kitu chake chochote. "Ana pumzi sana," alisema. "Huyo akishika wimbo, kanisa lote linangoja yeye."

"Basi tutashirikiana."

Watu husema neno la adabu bila kulipima. Mzee akikuambia "karibu chakula," huwezi kumwambia "hapana". Musembi alisema, "Sawa, mwaitu."

Mzee akamrudishia kiko. Kilikuwa kinawaka. Musembi alikitia kinywani, akavuta kama anapumua, na kwa mara ya kwanza moshi ulikuja laini na baridi, ukajaa kinywani, ukamshuka hadi kwenye mabega na kuyalegeza. Alifumba macho. Alipoyafumbua, ng'ambo hapakuwa na mtu wala kuni.

Alivuta hadi mwisho ndipo akasimama kwenda nyumbani. Alipoanza kutembea ndipo akili ilipomrudia, akageuka kuutazama mfereji.

Maji yalikuwa na upana wa hatua nne. Yeye hakuwa amevuka. Mzee hakuwa amesimama.

Alimpaje?

*

Kwa wiki mbili alikuwa mtu mwingine. Kiko kiliwaka kwa njiti moja na hakikuzima mpaka yeye alipotaka. Jioni aliketi kwenye ukingo na hasira zikamtoka pamoja na moshi. Mahindi yaliyokufa yaliacha kumtukana. Alianza hata kuzungumza juu ya kulima nyanya kando ya mfereji.

Na Kamanthe alianza kupumzika njiani.

Mwanzoni ilikuwa mtungi. Alikuwa akipandisha maji kutoka mferejini bila kusimama, sasa akasimama mara moja kwenye mteremko, kisha mara tatu. Halafu akaacha kuimba alfajiri, akisema amechoka tu. Jumapili moja alianza wimbo kanisani, akafika katikati ya mstari, akanyamaza. Alisimama na mdomo wazi na mkono shingoni. Kwaya ikachukua wimbo, na yeye akakaa chini polepole kama mtu aliyebeba kitu cha kuvunjika.

Walikwenda zahanati. Mhudumu alimsikiliza mgongoni na kifuani, akampima makohozi. "Kifua ni safi kabisa, mama," alisema. "Labda ni mawazo."

"Mawazo gani?" Kamanthe alimwambia mumewe wakirudi. Alisema maneno mawili, akavuta pumzi, akasema mengine. "Mwenye mawazo... ni wewe. Mimi niko... sawa."

Kisha tumbaku iliisha, na kwa siku tatu Musembi hakuvuta. Siku ya tatu, alfajiri, alisikia wimbo kutoka mferejini. Alikaa kitandani akausikiliza. Ulikuja mzima, bila kukatika.

Alikaa hivyo muda mrefu, hata Kamanthe akarudi, akatua mtungi, akamuuliza kama anaumwa.

Mtu mwenye akili angekitupa kiko asubuhi ile. Musembi alijiambia kwamba anataka kuwa na hakika. Alikwenda sokoni, akanunua tumbaku. Saa kumi na moja jioni Kamanthe aliketi uani akipepeta ndengu, mgongo wake kwenye ukuta, na Musembi akaketi kwenye kizingiti cha ghala mahali anapoweza kumwona. Akajaza. Chini kama anafunika mbegu. Akawasha, akaacha ife. Akashindilia. Akawasha.

Akavuta.

Ungo ulisimama mikononi mwa Kamanthe. Kifua chake kilishuka, kikashuka zaidi, kama mfuko unaofyonzwa. Musembi alizuia moshi kinywani. Kamanthe hakupumua. Musembi akautoa moshi. Kamanthe akavuta hewa kwa sauti kavu, kama karatasi inayochanwa.

Sasa alikuwa na hakika.

Moshi ulikuwa mtamu mno. Ulimi wake ulikuwa haujawahi kuonja kitu kama kile.

Akavuta tena.

Ndengu zilimwagika. Kamanthe alishika ukuta kwa mkono mmoja, macho yamemtoka, akitafuta kitu hewani asichokiona.

Akavuta tena.

Kisha kitu kikamkatika ndani, akakigonga kiko kwenye jiwe, akakanyaga moto kwa kiatu, akakimbia kumshika mkewe. Mikono yake ilikuwa na harufu ya asali na makaa. Kamanthe aliegemea kifua chake akihema, naye akamwambia, "Pole, pole."

*

Asubuhi yake alikuwa kwa Abdiwahid kabla mbuzi hawajafunguliwa.

"Pesa yako nitakurudishia," Abdiwahid alisema baada ya kumsikiliza. "Hiyo kitu, wallahi, sichukui tena."

"Sitaki pesa. Niambie tu yule nyanya alikuwa nani."

Abdiwahid alianza kuwafungulia mbuzi wake. "Nilipatana na huyo Reuben tena, Katangi, siku ya mnada. Nilimuuliza, kwa sababu mke wangu alikataa niweke ile gunia kwa nyumba. Anasema nyanya yake alizika mabibi wa watoto wake watatu. Wote ni pumzi iliwaisha. Mmoja baada ya mwingine. Na yeye mzee vile alikuwa, anapanda kilima na kuni mgongoni, hahemi. Watu walisema ni uoi, uchawi wa kwenu. Wengine walisema ni TB, wacheni mama wa watu."

"Na yeye alikufa na nini?"

"Hapo ndiyo Reuben hataki kuongea vizuri. Anasema aliacha kupumua Jumatatu. Lakini mwili ulikaa na joto, na macho yalikuwa yanawafuata. Walingoja mpaka Jumatano ndiyo wakakubali kuzika." Abdiwahid alishusha sauti. "Mambo ya kwenu mimi siyajui, mzee. Najua biashara. Mkataba ni wa wawili. Wewe ulikubali. Nenda ukakatae."

Musembi alitembea kurudi nyumbani akitafuta maneno ya kumdanganya Kamanthe, na hakupata hata moja lililofaa. Alimwambia yote. Alimwambia juu ya meno, juu ya kiko kilichovuka maji, juu ya fahari. Alimwambia alisema "sawa".

Kamanthe alikuwa akimenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Umepeana pumzi yangu," alisema, "kama mtu anapeana chumvi ya jirani."

"Sikujua, Mama Musili."

"Jana jioni ulijua."

Musembi aliokota maganda yaliyoanguka chini.

"Ulipojua," Kamanthe alisema, "ulivuta mara ngapi?"

"Mara moja. Nilitaka tu kuwa na hakika."

Kisu kilisimama. Alimtazama mumewe bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira.

"Mimi nilihisi tatu," alisema.

Akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akanyoosha kiganja. "Lete hiyo kitu."

*

Walifika mferejini jua likiingia. Musembi alitaka kutangulia, Kamanthe akamkataza. Alisimama ukingoni na kiko mkononi, akihema kutokana na mteremko, akangoja. Vyura walikuwa wakilia. Kisha wakanyamaza wote kwa pamoja.

Harufu ilikuja kwanza.

Alikuwa ng'ambo, juu ya mzigo wake wa kuni, kana kwamba hakuwahi kuondoka.

"Wacha, mwana wakwa," mzee alisema.

Kamanthe hakuitikia. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kuacha kumwitikia mzee. "Huyu alikuambia sawa," alisema, "lakini si yake. Mwenyewe ni mimi... na mimi sikusema."

"Wewe ndiye mwenyewe?"

"Ndiyo mimi."

Mzee aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali. "Basi nitarudisha. Mali ya mtu ni ya mtu." Sauti yake haikuwa na ubishi wowote, na Musembi, nyuma ya mkewe, alihisi nywele zikimsimama kwa sababu ya wepesi ule. "Unataka yote?"

"Yote."

"Yote niliyo nayo?"

"Kamanthe, ngoja," Musembi alinong'ona.

Lakini Kamanthe alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa amengoja mvua, amengoja kazi, amengoja kibiriti, amengoja mume ambaye kila jioni alikwenda mferejini kujifurahisha huku yeye akishika kuta. "Nimesema yote," alisema. "Usibakize."

"Haya," mzee alisema.

Kamanthe alichota tope la ukingoni, akalijaza ndani ya kichwa cha kiko mpaka likafurika, akakirusha. Hawakusikia kikianguka majini. Upepo ulikuja kutoka ng'ambo, wa moto, mtamu, ukampiga Kamanthe usoni, ukamwingia. Musembi aliuona ukimwingia. Kanga yake ilivutwa kuelekea mdomoni, na kifua chake kikapanda, kikapanda, kikaendelea kupanda.

Halafu vyura wakaanza tena kulia.

Ng'ambo kulikuwa na mzigo wa kuni peke yake. Musembi alipouendea kesho yake ulikuwa mti wa mgunga uliooza, na mchwa walikuwa wameshaumaliza.

*

Kamanthe alipona. Hakuna namna nyingine ya kusema. Alipandisha maji bila kusimama, akarudi kwenye kwaya, na mhudumu wa zahanati alipomwona sokoni akasema, si nilikwambia ni mawazo. Musembi alipata kibarua cha kulinda lango la godauni moja Athi River, akawa anakuja nyumbani kila mwisho wa juma. Hakugusa tumbaku tena. Mambo kati yao yalikuwa ya heshima. Alimpakulia chakula, akamuuliza habari za kazi. Hakumwita tena Baba Musili. Alimwita Musembi, kama mtu wa mtaa mwingine.

Krismasi ya mwaka huo kanisa lilijaa hadi nje. Mvua ilikuwa imenyesha hatimaye, na watu walikuwa na moyo wa kuimba. Kamanthe alisimama mbele ya kwaya, akaanza wimbo. Alifika mwisho wa ubeti wa kwanza, kwenye ile noti ambayo mwanzilishi huishika kidogo ili kwaya iingie, akaishika.

Watu walitabasamu. Ndiyo, alikuwa amepona.

Akaishika.

Mpiga kinanda aliinua mikono, akangoja. Kwaya ikangoja. Noti haikutetemeka, haikupungua. Mama mmoja alianza kupiga makofi, wengine wakamfuata, kisha makofi yakapungua moja moja hata yakaisha, na noti ilikuwa bado ipo. Mchungaji aligeuka kwenye kiti. Mtoto mchanga akaanza kulia nyuma. Musembi, kwenye benchi la tatu, alisikia kitu ambacho hakujua kama wengine walikisikia. Ndani ya sauti ile hapakuwa na mtu mmoja. Walikuwa wanawake kadhaa, mmoja juu ya mwingine, kama nguo zilizokunjwa pamoja.

Na macho ya Kamanthe yalikuwa yakimtazama yeye tu. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba ashikwe mkono.

Kisha ikakoma. Kwaya ikaingia kwa kusitasita, ibada ikaendelea, na baada ya ibada watu walimpa mkono wakisema Mungu amempa kipaji. Waliomfahamu zaidi hawakumkaribia.

Walirudi nyumbani kwa njia ya mteremko, wawili tu. Walipita shamba la jirani.

"Sikuwa mimi niliyeishika," Kamanthe alisema.

"Najua."

"Wale wanawake hawajui kwenda. Nilimwambia yule mzee asibakize."

Kilima kilikuwa kikali na tope lilikuwa likiteleza. Kamanthe alitangulia. Musembi alimfuata akihema, akisimama, akihema tena, miguu mizito, na alipofika juu alimkuta akimngojea pembeni mwa njia, na Biblia mkononi na viatu vimejaa tope.

Aliinama akashika magoti mpaka moyo ukatulia. Alipoinua kichwa, alilitazama gauni la mkewe la Krismasi, jeupe, limebana kifuani. Alilitazama kwa muda ambao mtu aliyepanda kilima angekuwa amepumua mara kumi.

Halikusogea.

"Twende," Kamanthe alisema kwa upole, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto.